Irving Kristol: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi zake na kundi lake

Kila vita vya Irak vya 2003 vinapojadiliwa, wahafidhina mamboleo wa Marekani, yaani waliberali waliogeukia uhafidhina, hawakosi kutajwa, na wakitajwa wao, Irving Kristol huitwa baba yao. Mzee huyu hakuwahi kugombea ubunge wala kuwa waziri. Vitabu vyake vyote ni makusanyo ya makala. Hakuna hata kimoja alichokaa akakiandika kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nguvu yake ilikuwa katika majarida aliyoyaanzisha, vijana aliowatafutia kazi na matajiri aliowakutanisha na waandishi. Ndiyo maana maswali mengi hapa chini yanahusu alikaa na nani, na nani alilipa.

Alitoka wapi?

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 22 Januari 1920, katika familia ya Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki. Nyumbani hapakuwa na pesa za chuo cha kifahari, kwa hiyo akasoma City College, chuo cha jiji ambacho hakikutoza ada. Akahitimu historia mwaka 1940. Mwaka 1942 alimwoa Gertrude Himmelfarb, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria mkubwa wa Uingereza ya enzi za Malkia Victoria. Kwa maoni yangu mama huyo ndiye aliyekuwa msomi wa kina zaidi katika nyumba ile, ingawa jina lililovuma ni la mume.

Ni kweli alianza kama mkomunisti?

Alianza kama mfuasi wa Trotsky, mwanamapinduzi wa Urusi aliyepingana na Stalin, na waliokuwapo wakati ule wangekukatalia kabisa ukisema hilo na ukomunisti wa Moscow ni kitu kimoja. Ukumbi wa chakula wa City College ulikuwa umegawanyika pembe pembe, na kila kundi la wanafunzi lilikuwa na pembe yake. Pembe Namba 1 ilikuwa ya wapinzani wa Stalin wa kila aina. Pembe Namba 2 ilikuwa ya watiifu wa Stalin, wengi zaidi kwa idadi. Mmoja wa waliotoka upande huo ni Julius Rosenberg, aliyeuawa kwa kiti cha umeme mwaka 1953 katika kesi ya ujasusi wa siri za nyuklia.

Kristol alikaa Pembe Namba 1 pamoja na Daniel Bell, Nathan Glazer, Irving Howe na Seymour Martin Lipset. Wote wanne walikuja kuwa majina makubwa ya sosholojia na uhakiki. Siku nzima walibishana kama Urusi ya Stalin bado ni dola ya wafanyakazi au imegeuka kitu kingine. Baada ya chuo aliendelea kidogo katika kikundi kidogo cha mrengo huo, akiandika katika jarida lao la Enquiry kwa jina la bandia la William Ferry.

Imani hiyo haikuvunjwa na kitabu. Alipelekwa vitani Ulaya kama askari wa miguu katika Divisheni ya 12 ya Vifaru, na huko akaishi na wanaume wa tabaka la wafanyakazi wenyewe, baadhi yao vijana wababe kutoka Cicero, Illinois. Aliandika baadaye kwamba aliwatazama wale wenzake, akaona ujamaa hauwezi kujengwa na watu hao. Ni kauli yenye dharau ndani yake, na dharau hiyo haikumtoka kabisa hata alipozeeka, ijapokuwa alipenda kujitambulisha kama msemaji wa mtu wa kawaida dhidi ya wasomi.

Ilikuwaje akaonekana kumtetea McCarthy?

Kuanzia 1947 hadi 1952 alikuwa mhariri katika jarida la Commentary, lililomilikiwa na American Jewish Committee, jumuiya ya Wayahudi wa Marekani. Mwaka 1952, Seneta Joseph McCarthy akiwa anawasaka watu kwa tuhuma za ukomunisti, Kristol aliandika kwamba kuna jambo moja ambalo Wamarekani wanalijua kuhusu McCarthy: yeye, kama wao, anaupinga ukomunisti bila kuyumba. Kuhusu wasemaji wa uliberali, yaani mrengo wa kushoto wa wastani wa Marekani, akaongeza, hawana hakika hiyo.

Makala hiyo ilimfuata maisha yake yote. Ukiisoma yote utakuta amemwita McCarthy mtu wa hovyo. Lakini mjeledi wake unawashukia waliberali, na seneta anaponyoka na karipio dogo. Mtindo huo, wa kumtaja mkosaji kwa sentensi moja kisha kumshughulikia anayelalamika kwa kurasa kumi, aliutumia mara nyingi baadaye.

Je, CIA walimlipa?

Jarida lake lililipwa nao, ndiyo. Mwaka 1953 alikwenda London kuanzisha jarida la Encounter pamoja na mshairi Stephen Spender, akakaa huko hadi 1958. Lilikuwa jarida zuri kwelikweli, lenye waandishi wa daraja la kwanza. Mfadhili wake alikuwa Congress for Cultural Freedom, jumuiya ya wasomi wapinga ukomunisti iliyozaliwa Berlin mwaka 1950 na kuweka makao yake Paris. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba sehemu kubwa ya fedha za jumuiya hiyo ilitoka CIA kwa kupitia wakfu za kujificha. Spender alijiuzulu.

Kristol, ambaye alishaondoka siku nyingi, alisema hakujua. Aliongeza kwamba hakuwa na chuki na CIA kama taasisi, ila asingekubali kazi ya kuajiriwa na mtu wa siri. Wapo wanaomwamini, na wapo wanaouliza mhariri makini namna ile alikosaje kujiuliza pesa zinatoka wapi. Mimi naona swali la pili lina uzito zaidi. Hata hivyo hakuna ushahidi kwamba alipewa maagizo ya nini achapishe. Ugomvi wake na ofisi ya Paris, uliokuwapo, ulionyesha mtu asiyependa kuongozwa.

Hilo linatuhusu vipi Afrika Mashariki?

Linatuhusu kuliko wengi wanavyodhani, ingawa si kupitia kwa Kristol mwenyewe. Fungu lile lile la Paris ndilo lililosaidia kugharamia mkutano wa waandishi wa Afrika pale Makerere, Juni 1962, ambapo Chinua Achebe, Wole Soyinka na kijana aliyeitwa James Ngugi, baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o, walikutana. Ndilo lililosaidia jarida la Transition, lililoanzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, na kituo cha utamaduni cha Chemchemi kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1963 na Ezekiel Mphahlele kutoka Afrika Kusini. Siri ilipofichuka, Neogy alijikuta akitetea jarida ambalo hakujua limelishwa na nani. Mwaka 1968 serikali ya Obote ikamtia ndani kwa mambo yaliyochapishwa humo.

Mkutano wa Makerere uliwaalika walioandika kwa Kiingereza tu. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuja kusema wazi kwamba kwa kipimo hicho Shaaban Robert asingefaa kualikwa, ilhali ndiye aliyekuwa mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai ukanda huu. Shaaban Robert alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962.

Kristol alikuwa amekwishaacha kazi ya London miaka minne kabla. Asihesabiwe dhambi wala thawabu ya Makerere. Ninayataja haya ili msomaji aone ukubwa wa mtandao ambao Encounter ilikuwa tawi lake moja.

The Public Interest lilikuwa jarida gani?

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yake yote. Aliporudi New York alipitia jarida la The Reporter, kisha kampuni ya vitabu ya Basic Books, ambako alikuwa makamu mtendaji wa rais miaka ya 1960. Mwaka 1965, yeye na Daniel Bell wakaanzisha The Public Interest, kwa pesa za Warren Manshel, rafiki yao wa Wall Street. Lilikuwa jarida la robo mwaka, jembamba, lisilo na picha.

Wakati huo Rais Lyndon Johnson alikuwa anamwaga fedha katika vita dhidi ya umaskini. Bell na Kristol hawakuanza kama maadui wa mpango huo. Walitaka kuuliza maswali ya karani: programu hii imewafikia nani, imegharimu nini, imebadilisha nini? Daniel Patrick Moynihan, James Q. Wilson na Glazer waliandika humo kuhusu shule, polisi, nyumba na familia, na jibu lililorudi tena na tena ni kwamba serikali ilikuwa imeahidi kuliko ilivyojua kufanya. Kila sera, walisema, huzaa matokeo ambayo hayakukusudiwa.

Ukisoma matoleo ya mwanzo leo utashangaa jinsi yalivyo na kiasi. Takwimu nyingi, kelele kidogo. Kuelekea miaka ya 1970 sauti ikabadilika. Maandamano ya vyuoni na vurugu za mijini yalimkasirisha Kristol kuliko yalivyomkasirisha Bell, na hesabu za sera zikaanza kuchanganyika na hoja za maadili: familia, dini, ponografia. Mwaka 1971 alitetea waziwazi udhibiti wa machapisho ya ngono, hoja ambayo kwa msomaji aliyezoea bodi zetu za filamu haitashtua, lakini New York ya wakati ule iliichukulia kama tusi. Bell aliachia kiti cha uhariri mwaka 1973 bila ugomvi, na Glazer akakichukua. Jarida liliendelea hadi 2005.

Wasomaji wake walikuwa wachache siku zote. Jambo hilo halikumsumbua Kristol, kwa sababu miongoni mwa hao wachache walikuwamo wasaidizi wa maseneta na wahariri wa magazeti makubwa.

Jina la "uhafidhina mamboleo" nani alilianzisha?

Aliyelieneza ni Michael Harrington, mjamaa, mwaka 1973, kwa nia ya kuwasimanga waliberali waliogeuka. Wengi waliobandikwa jina hilo walilikataa. Kristol alilivaa, akatania kwamba huenda yeye ndiye peke yake anayelikubali. Msemo unaonukuliwa zaidi ni wake pia: mhafidhina mamboleo ni mliberali aliyekabwa na hali halisi, kama mtu anavyokabwa na vibaka mtaani.

Alihamia Republican lini?

Polepole. Mwaka 1968 alimuunga mkono Hubert Humphrey wa Democratic. Mwaka 1972 alimuunga mkono Nixon, na marafiki wa zamani wakaacha kumsalimia. Alipofika wakati wa Reagan alikuwa mtu wa nyumbani katika chama hicho.

Alikuwa na uhusiano na taasisi zipi?

Alifundisha New York University kuanzia 1969 hadi alipohamia Washington mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikuwa na safu katika The Wall Street Journal, ambako Robert Bartley, mkuu wa ukurasa wa maoni, alikuwa kama mwanafunzi wake. Alikuwa mjumbe wa baraza la taifa la masomo ya fani na utamaduni kuanzia 1972 hadi 1977. Na alikuwa American Enterprise Institute, taasisi ya utafiti wa sera ya Washington, ambako alimalizia kazi yake akiwa na cheo kilicholipiwa na wakfu wa John M. Olin.

Cheo cha Olin ndicho kinachoeleza mengi. Katikati ya miaka ya 1970 Kristol aliwaambia wenye viwanda jambo wasilopenda kulisikia: mnatoa mamilioni kwa vyuo na wakfu ambazo watu wake wanauchukia ubepari wenu. Acheni. Wapeni wanaowatetea. Mwaka 1978 alianzisha Institute for Educational Affairs pamoja na William Simon, aliyekuwa waziri wa fedha chini ya Nixon na Ford, ili kuziongoza pesa hizo kwa wasomi vijana na magazeti ya wanafunzi wahafidhina. Olin, Smith Richardson, Scaife na Bradley zikawa mifuko ya kudumu ya harakati nzima.

Aliitwa dalali wa mawazo, na jina lilimfaa. Kijana mwenye kipaji alipata barua kutoka kwake, kisha makala katika jarida, kisha nafasi katika taasisi, kisha ofisi serikalini. William Bennett, waziri wa elimu wa Reagan, ni mmoja wa waliopita katika mlango wake. Mrengo wa kushoto wa Marekani ulichelewa sana kuutambua utaratibu huo.

Uhafidhina mamboleo si ndiyo uliberali mamboleo ule wa soko huria?

Hapana, na kwetu sisi tuliopitia masharti ya IMF kosa hili ni la kawaida. Uliberali mamboleo ni mafundisho ya uchumi: serikali ijitoe, soko liamue. Kristol aliukubali ubepari kwa masharti. Kitabu chake cha 1978 kiliupa shangwe mbili, si tatu: moja kwa kuleta neema, moja kwa kulinda uhuru wa mtu binafsi. Ya tatu aliizuia kwa sababu soko halimwambii mtu aishi kwa ajili ya nini. Aliwalaumu wachumi Friedrich Hayek na Milton Friedman kwa kuliacha suala la wema na haki nje ya hesabu zao. Wala hakutaka kubomoa pensheni za wazee. Alitaka serikali ya ustawi wa jamii yenye sura ya kihafidhina.

Lakini si alipigia debe kupunguza kodi?

Alipiga debe, na hapa rekodi yake ni chafu. Mwaka 1975 The Public Interest lilichapisha makala ya Jude Wanniski iliyoeneza nadharia kwamba kodi zikipunguzwa uzalishaji utakua. Kristol hakuwa mchumi. Miaka 20 baadaye aliandika bila kuona haya kwamba hakuwa na hakika na ubora wa kiuchumi wa nadharia hiyo, ila aliona faida yake kisiasa, na kwamba alikuwa na mtazamo wa kutojali sana kuhusu nakisi ya bajeti. Mtu aliyejenga jina kwa kudai hesabu za programu za maskini hakudai hesabu hizo hizo kwa matajiri. Wanaomtetea husema angalau alikuwa mkweli.

Alihusika na vita vya Irak?

Kwa sehemu ndogo kuliko sifa yake inavyodokeza. Siasa za nje hazikuwa uwanja wake wa kwanza. Mwaka 1985 alianzisha The National Interest, mhariri wake akiwa Owen Harries kutoka Australia, na jina lenyewe linaonyesha mwelekeo: maslahi ya taifa. Humo ndimo Francis Fukuyama alimochapisha makala yake maarufu, "Mwisho wa Historia?", mwaka 1989. Kristol mwenyewe alikuwa na mashaka juu ya kueneza demokrasia duniani, na miaka ya 1980 alihoji kwa nini majeshi ya Marekani yaendelee kuilinda Ulaya tajiri.

Jina lake halimo miongoni mwa waliosaini tamko la 1997 la Project for the New American Century, kundi lililotaka Marekani itumie nguvu zake duniani. Hata hivyo Agosti 2003, miezi minne hivi baada ya Baghdad kuanguka, aliandika kwamba taifa kubwa lina maslahi yanayozidi mipaka yake na mambo ya mali, na kwamba litajiona lina wajibu wa kulitetea taifa la kidemokrasia linaloshambuliwa. Hakuandika neno la kuwapunguza kasi waliokuwa wakishangilia. Aliyewapa jukwaa na ajira hawezi kuwekwa kando kabisa.

William Kristol, au Bill, ni nani basi?

Mwanawe, aliyezaliwa 1952. Aliongoza ofisi ya Makamu wa Rais Dan Quayle, akaanzisha jarida la The Weekly Standard mwaka 1995 na Project for the New American Century mwaka 1997 pamoja na Robert Kagan. Huyu ndiye aliyeisukuma vita ya Irak kwa nguvu zote. Tangu 2016 amekuwa mpinzani mkali wa Donald Trump, na chama alichohamia baba yake hakimtaki tena. Makala nyingi za mtandaoni huwachanganya wawili hawa.

Na yule mhafidhina mamboleo aliyekuwa rais wa Benki ya Dunia?

Huyo ni Paul Wolfowitz, 2005 hadi 2007. Mtu mwingine.

Marafiki wa Pembe Namba 1 walimfuata?

La. Irving Howe alikufa mjamaa. Bell aliendelea kujiita mjamaa katika uchumi, mliberali katika siasa, mhafidhina katika utamaduni, na akabaki rafiki. Moynihan, yule mwandishi wa The Public Interest, alibaki Democratic, akawa seneta wa New York kuanzia 1977. Kabla ya hapo alikuwa balozi Umoja wa Mataifa, na wasomaji wa Uganda wenye umri wanaweza kukumbuka mwaka 1975, Idi Amin alipohutubia huko kama mwenyekiti wa OAU na kutaka Israel ifutwe, naye Moynihan akamwita muuaji mbaguzi hadharani. Baadhi ya serikali za Afrika zilikasirika kwa niaba ya Amin, jambo ambalo leo ni gumu kulieleza.

Alipata heshima yoyote ya serikali?

Julai 2002 George W. Bush alimpa Nishani ya Rais ya Uhuru. Katika orodha ya mwaka huo alikuwamo pia Nelson Mandela, ambaye miezi michache baadaye alimshutumu Bush vikali kwa mipango ya vita. Kristol alifariki tarehe 18 Septemba 2009, akiwa na miaka 89, kwa saratani ya mapafu.

Nianze na kipi nikitaka kumsoma mwenyewe?

Anza na kumbukumbu zake za City College za mwaka 1977, ni fupi na zinachekesha. Kisha mkusanyiko wa 1995, wenye insha ya maisha yake mwanzoni. Matoleo ya zamani ya The Public Interest yamewekwa mtandaoni na jarida la National Affairs. Chukua ya 1965 na ya 1975, yasome kwa kufuatana.